Hyacinthe Barutwanayo, Mtu wa Kuonyesha Kabla ya Kuchapa

Baba Padri, masista, wazee wa familia, wajomba zetu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Uvira, majirani wa Nyakabiga na wa Buyenzi, wafanyakazi wa uchapaji, na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza ndugu yetu, Mungu awalipe kwa safari zenu. Mimi ni Gélase, mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Sikusoma sana, kwa hiyo nitasoma polepole, na mahali nitakapokwama mtanivumilia. Tunasoma kwa Kiswahili, si kwa Kirundi wala kwa Kifaransa, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka hivyo, akisema kwamba kwenye msiba wake kutakuwa na watu wa ng'ambo na wa milimani, na haifai mtu atoke Uvira hadi hapa aje kukaa kwenye kiti na kuangalia midomo ya wengine tu.

Marehemu Hyacinthe Barutwanayo alizaliwa tarehe 14 Septemba 1951, siku Kanisa linapoadhimisha Kutukuka kwa Msalaba, katika mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa mzee Venant, fundi mwashi aliyeteremka kutoka Muramvya kutafuta kazi, na mama Mwavita, binti wa Uvira, aliyekuwa akiuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Alibatizwa tarehe 30 ya mwezi uleule, na mama alikuwa akituambia kwamba hakulia alipomwagiwa maji, bali aliyafuata kwa macho yalivyokuwa yakirudi ndani ya beseni.

Mama yetu hakujua kusoma, lakini alijua kila kitu cha dukani kwa rangi yake na kwa picha yake, na sisi watoto hatukuliona hilo kuwa jambo la ajabu, mpaka siku moja, Hyacinthe akiwa na miaka kama tisa, wenye kiwanda walibadilisha paketi ya chumvi bila kumwambia mtu, mama akarudi nyumbani na magadi ya kufulia, akayatia kwenye maharage, tukayaonja, tukayatema, baba akacheka mpaka akatoka nje, na mama akalia kwa aibu. Hyacinthe aliichukua ile paketi, akaigeuzageuza, kisha akasema, "Mama hakukosea. Hii paketi ndiyo imekosea." Baba aliacha kucheka. Mimi nilikuwa mdogo, nilidhani anamtetea mama tu, kama mtoto yeyote anavyomtetea mama yake.

Alisoma shule ya msingi Buyenzi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaendelea na sekondari kwa Mabruda hadi Juni 1971, na kwa msaada wa mmoja wa walimu wake akapata nafasi ya kusomea sanaa huko Kinshasa, alikokaa kuanzia Oktoba 1971 hadi Julai 1975, akarudi na diploma, na sanduku moja la brashi, na suruali zenye miguu mipana chini ambazo baba alimkataza kuingia nazo kanisani. Baba alifariki mwaka uliofuata, lakini alimwona mwanawe akianza kazi, na hilo tunamshukuru Mungu.

Tarehe 1 Machi 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kilichokuwa karibu na soko kuu, akiwa grafisti, yaani mtu anayepanga picha na maandishi kabla mashine haijaanza kuchapa, na kazi hiyo aliifanya kwa muda wote aliokuwa na nguvu. Wengi wenu mmeishi na kazi zake bila kujua kuwa ni zake, majalada ya madaftari ya shule, makaratasi ya sabuni, kalenda za parokia, kadi za harusi, na kadi za misiba pia, ambazo alizitengeneza kwa uangalifu kuliko zote, akisema kwamba kadi ya harusi mtu huisoma akiwa anacheka, lakini hii nyingine anaisoma huku macho yana maji, kwa hiyo herufi lazima ziwe kubwa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo wenzake wa kiwandani walilicheka kwa miaka mingi, nalo ni kwamba hakukubali picha yoyote iende kwenye mashine kabla hajaitoa nje kuwaonyesha watu. Aliichora kwanza kwa penseli kwenye kipande cha katoni, kwa sababu alisema mtu akionyeshwa kitu kizuri kilichokamilika anaona haya kukikosoa, lakini katoni kila mtu anaisema anavyotaka, kisha alikwenda nayo sokoni, kwa wale akina mama wa ndagala waliomjua tangu alipokuwa akibebwa, akaiweka mbele yao na kuuliza neno moja tu, "Munaona nini?", halafu akanyamaza. Hakueleza. Wenzake walimwita Muuza Samaki, na siku za mvua walikuwa wakimwambia, "Muuza Samaki, leo wateja wako hawakukuja, basi tuchape tu," naye alikuwa akicheka pamoja nao, akachukua mwamvuli, akaenda.

Mwaka 1986 aliletewa kazi ya karatasi ya kuwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, na kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na chupa ya bia hata kama haikuwa na chombo kingine cha kupimia, alichora chupa ya bia, na kijiko, na mtoto, akaona amefanya vizuri sana, akaenda sokoni na katoni yake. Mama mmoja aliitazama, akamwita jirani yake, wakaitazama wote wawili, kisha yule wa kwanza akasema, "We Hyacinthe, mutoto wa miezi sita munataka tumupe bière? Tena ya kijiko kijiko, kama dawa?" Soko zima lilicheka, na yeye alicheka zaidi yao, akarudi akaichora upya, chupa ikiwa chini ya bomba, maji yakiingia, na mkono ukiwa umeishika shingoni. Nayasema haya ili mjue kwamba hakuwa mtu wa kupata jibu papo hapo. Alikosea mara nyingi, lakini alikosea kwenye katoni, mahali ambapo kosa halimwumizi mtu.

Tarehe 26 Julai 1980, katika parokia ya Buyenzi, alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Spès, binti wa Gitega, fundi wa kushona, aliye hapa mbele yenu leo. Kadi ya harusi yao aliichora mara nyingi, na kila alipochora alimpelekea Spès na kumwuliza anaona nini, mpaka siku moja Spès akamjibu, "Naona mutu anayechelewa kunioa." Hiyo ndiyo iliyochapwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Valéry, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1982, Orlane, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1985, na Armel, aliyezaliwa tarehe 8 Februari 1989. Mwaka 1987 walihamia Nyakabiga, kwenye nyumba ambayo mwili wake umelala usiku wa kuamkia leo.

Tarehe 21 Oktoba 1993 vita viliingia nchini mwetu, na sitavisimulia, kwa maana hakuna aliyekaa hapa asiye na msiba wake wa miaka hiyo. Mitaa iligawanyika, ndugu akahama usiku bila kumuaga ndugu, na mtu akawa anatazamwa pua kabla hajaulizwa jina. Sisi, watoto wa baba wa mlimani na mama wa Uvira, kila upande ulituona ni wa upande mwingine, na marehemu alikuwa akisema kwamba afadhali hivyo, maana aliyekataliwa na wote hana wa kumtuma vibaya. Kiwanda kilifungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena siku za miji kufa, wakati hakuna duka wala gari, na kilipofunguliwa moja kwa moja, mwaka 1997, nusu ya viti vilikuwa vitupu. Mwaka huohuo, tarehe 2 Agosti, mama yetu Mwavita alifariki.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye mwaka 1999, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuacha kukaa hapo.

Mnakumbuka kwamba mwezi wa Septemba mwaka ule watu wa vilima vinavyouzunguka mji walitolewa majumbani kwao na kukusanywa kambini, wengi mno, kwenye vibanda vya majani, na maji yakawa machache, na mwezi wa Novemba kipindupindu kikaingia katika kambi moja ya upande wa kusini, ukishaipita Kibenga. Mzee Adolphe wa Kiriri, ambaye yupo hapa, na ambaye ameniruhusu kumtaja, alikuwa akifanya kazi katika shirika moja la misaada, na alimletea Hyacinthe kazi ya afishi, zile karatasi kubwa za picha za kubandika ukutani, za kuwahimiza watu wanawe mikono, na akaomba zipatikane haraka, kwa sababu watoto walikuwa wanazikwa. Juma lile kulikuwa na milio ya bunduki upande wa kusini, barabara ilikuwa imefungwa, na hata sokoni watu hawakukaa, basi kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi Hyacinthe hakuwaonyesha watu. Alichora mikono miwili mikubwa, mizuri, maji yakimwagika juu yake, akaikata kwenye vifundo vya mikono kama vitabu vya wazungu vinavyofanya, na mashine ikachapa.

Barabara ilipofunguliwa tulikwenda naye, mimi nikiwa nimebeba gundi. Zile afishi watu wa shirika walikuwa wametangulia kuzibandika kwenye mabomba karibu yote, na tulikuta akina mama wamepanga foleni kwenye bomba moja tu, la mwisho, lililo mbali, ambalo lilikuwa halijabandikwa kitu. Hyacinthe aliuliza kwa nini. Mama mmoja mzee, ambaye hakutaka hata kugeuka kuitazama ile picha, alimwuliza, "Hii mikono ni ya nani? Na mwenyewe yuko wapi?"

Hapo ndipo na mimi nikaiona. Ilikuwa mikono iliyokatwa, na yale maji, kwa watu waliotoka mahali walikotoka, hayakuwa maji.

Hyacinthe alikwenda bomba kwa bomba akazibandua kwa kucha zake, moja baada ya nyingine, na Mzee Adolphe alipomwambia kwamba vijana wa kambi wangeweza kumsaidia, alisema, "Apana, ni zangu."

Akaanza upya, na safari hii alisema mikono lazima iwe na mtu. Alimchora mama anayekutazama, akinawa, na mtoto pembeni, akaenda na katoni kambini, akina mama wakaitazama muda mrefu, mmoja akasema kwa upole, "Muzuri. Lakini huyu si wetu. Huyu ni wa kule." Afishi zilezile zilitakiwa pia katika kambi ya wale wengine, waliokimbia vilima tangu mwaka 1993 na kupata hifadhi karibu na kambi ya jeshi, maana ugonjwa ulikuwa umeanza kuwafikia, basi kesho yake akaenda huko na katoni ileile, na huko wakamwambia, "Huyu? Huyu ni wa wale." Uso ulikuwa mmoja, na kila upande uliusukuma kwa jirani. Akarekebisha pua, akarekebisha nywele, akapanua macho, na kila alichobadilisha kilimfanya yule mama afukuzwe pande zote mbili, kama vile hapakuwa na sura ya mtu katika nchi hii ambayo ni ya mtu tu.

Mzee Adolphe aliona njia. Alimwambia achore afishi mbili, yenye sura moja kwa ajili ya kambi hii na yenye sura nyingine kwa ajili ya kambi ile, mashine ilikuwa tayari, karatasi zilikuwepo, zingekuwa ukutani Jumatatu. Hyacinthe akakataa. Walibishana pale mlangoni pa kiwanda, wafanyakazi wote wakisikia, na Mzee Adolphe, ambaye si mtu wa kupaza sauti, alipaza sauti, akasema, "Hyacinthe, watu wanakufa, na we unatafuta pua!" Hyacinthe akamjibu, "Nikichora mbili, nitakuwa nimewaambia kwamba hata kunawa kuna kwa hawa na kwa wale. Karatasi itabaki ukutani muda mrefu kuliko ugonjwa." Mzee Adolphe akasema, "Aliyekufa hasomi ukuta." Haya yote mawili ni kweli, ndugu zangu, nimeyafikiria miaka mitano, na bado yote mawili ni kweli.

Alipewa hadi mwisho wa juma lililofuata, na asipoleta, kazi ingepelekwa kwa mchapaji mwingine ambaye angechora mbili, na kiwanda kilichokuwa kinasimama kwa mguu mmoja kingekosa kazi pekee iliyokuwepo. Shemeji Spès alimwambia mezani, watoto wakiwepo, "Papa Valéry, chora hizo mbili tu. Mungu anajua moyo wako, lakini watoto wako wanajua sahani zao." Hakumkasirikia. Aliweka kichwa chini akasema, "Mama Valéry, nipe hizi siku." Na siku hizo kule kambini walikuwa wakizika, yeye akijua.

Hakuchora. Alikwenda kambini kila barabara ilipofunguka, akaketi juu ya bidoni, dumu la maji, kwenye foleni ya maji kama mtu anayesubiri zamu yake, na nilipomwuliza anafanya nini, alisema anajaribu kuona kile wanachokiona wao. Asubuhi moja aliniuliza, "Gélase, tangu tumekaa hapa, umeona uso wa mama gani?" Nikafikiri, nikaona kwamba sikuuona hata mmoja. Kwenye foleni ya maji unaona mgongo wa aliye mbele yako. Unaona kitambaa, mtoto amelala, kisigino, bidoni, na yule aliye mbele kabisa ameinama, na unamjua ni nani bila kumwona uso, au unadhani unamjua.

Akaomba katoni palepale, akamchora mama kwa nyuma, ameinama kwenye bomba, mikono yote miwili ikionekana pembeni ikinawa, na mtoto mgongoni. Akaweka katoni juu ya bidoni, akauliza anachouliza siku zote. Walikuja kuitazama, na msiba ulivyokuwa mzito mahali pale sikutegemea kusikia kicheko, lakini mama mmoja kijana alishika kiuno akasema, "We papa! Haujabebaka mutoto hata siku moja? Ukimufunga vile atakuangukia mu maji!" Na mwingine, "Mke wake ndiye aliyebeba wote, yeye alibeba penseli." Wakamvua mmoja wao kitambaa chake, wakamfunga mtoto mbele ya Hyacinthe, wakafungua, wakafunga tena, ili aone fundo linakaa wapi, naye akafuta akachora, akafuta akachora, mpaka wakasema sasa ndivyo. Kisha akawauliza huyu ni nani. Wakataja majina. Kila mmoja alitaja jina la mtu anayemjua, na walikuwa wanabishana. Tulipoipeleka katoni ile kule kwenye kambi ya wale wengine, nao wakataja majina, na mzee mmoja akasema ni binti yake, ila binti yake hana kitambaa kizuri hivyo.

Zilichapwa sawasawa kwa kambi zote mbili, zikabandikwa tarehe 16 na 17 Desemba 1999, na akina mama hawakuliepuka bomba hata moja. Ugonjwa ulipungua kabla ya mwisho wa Januari, lakini marehemu hakukubali mtu aseme kwamba ni kwa ajili ya karatasi yake, kwa kuwa dawa zilikuwa zimefika pia, na magari ya maji, na mvua, na huruma ya Mungu. Kambi zilivunjwa mwaka 2000, watu wakarudi vilimani, na afishi nyingine walizibandua wakaenda nazo, ukiingia nyumba fulani hadi leo utaikuta ukutani.

Kiwanda hakikufungwa. Mwaka 2001 aliombwa na parokia kuwafundisha vijana wa mitaa mbalimbali kuchora, kila Jumamosi, katika ukumbi ule wa nyuma, na aliyefika kwake akitaka kuonyeshwa rangi alipewa kwanza katoni na penseli akatumwa barabarani. Baadhi yao wanafanya kazi hii sasa, nawaona hapa. Mwaka huohuo, mwezi wa Februari, madaktari walimkuta na ugonjwa wa sukari, akautunza vizuri kwa muda, akaacha chai tamu, jambo ambalo kwa mtoto wa Buyenzi si dogo, lakini kufikia Oktoba 2003 ulikuwa umefika kwenye figo, na dawa ya hali hiyo haikuwepo hapa kwetu, na kwenda kuitafuta mbali hakukuwezekana. Tarehe 18 Aprili 2004 alilazwa hospitalini. Alipokea sakramenti zote akiwa na akili timamu, na tarehe 13 Mei 2004, siku ya Alhamisi, saa nane mchana, mkewe akiwa amemshika mguu na Orlane akimsomea zaburi, Bwana alimwita. Ameishi miaka hamsini na miwili. Ameacha mjane, watoto watatu, ndugu watatu na wanafunzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hata siku ambazo wao wenyewe walifika kazini kwa miguu kwa sababu ya milio ya risasi. Tunawashukuru majirani wa Nyakabiga, walioleta kuni, maji na viti kabla hatujaomba, na wale wa Buyenzi waliokesha wakiimba. Tunawashukuru wafanyakazi wa kiwanda, waliochapa kadi ya leo wakakataa kuniambia ni nani aliyeipanga, ila naona herufi ni kubwa. Tunakushukuru, Baba Padri, na kwaya. Na wewe, Mzee Adolphe, uliyemtembelea kila Jumapili baada ya Misa mkibishana kama kawaida yenu, familia inakuita ndugu.

Limebaki neno moja. Mnajua desturi yetu, kwamba kabla ya kumfunika mtu tunaomba, kama kuna aliyekosewa na marehemu, amsamehe hapa, asibaki nalo. Hyacinthe hakutaka niliseme kwa jumla kama linavyosemwa siku zote. Katika miezi yake ya mwisho aliniuliza mara kwa mara, "Gélase, kama ningechora mbili?" Nikamjibu kwamba Mungu anajua. Akasema, "Najua anajua. Ninauliza sisi." Mzee Adolphe, ambaye siku ile alimpinga, ndiye aliyenisihi jana nisiyasome haya, akisema marehemu hakumkosea mtu, na mimi ningependa kumtii, lakini shemeji Spès amesema someni, na aliyeagiza ni yeye aliyelala hapa.

Basi kama yupo hapa mzazi aliyezika mtoto katika kambi ile, kati ya siku zile afishi za kwanza zilipobanduliwa na tarehe 16 Desemba, au kama unamjua aliyeko kilimani ambaye hakuweza kuja, Hyacinthe Barutwanayo anakuomba msamaha. Hasemi kwamba alikosea kukataa. Hasemi kwamba alikuwa sahihi. Anasema kwamba alitafuta, na alipokuwa akitafuta, mwanao alikufa, na kwamba hakutaka kwenda mbele ya Mungu bila kukuambia hilo kwanza wewe. Hakuniagiza nidai jibu. Aliniagiza niseme, kisha ninyamaze.

Nimesema, kaka. Sasa nanyamaza. Pumzika, Hyacinthe, katika amani ya Bwana.